Walizing'oa Karoti Zangu Wapige Picha

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize, nina hasira. Mimi nililala nje miaka mingi, kwenye baraza la duka la viatu, mpaka nikapata chumba, na walionisaidia wakanipeleka kwenye bustani ya mtaa tunayolima sisi tuliotoka barabarani, wanasema kushika udongo kunatuliza akili, na kweli, siku nikipalilia napata usingizi. Ila karoti nilikuwa nazing'oa bado changa, nyembamba kama kidole cha mtoto, na wenzangu vivyo hivyo, maana barabarani ukiacha kitu hukikuti, na msimamizi wetu, dada mmoja mwenye maneno matamu, akawa ananibembeleza, "Subiri mama, hapa hakuna atakayezigusa," basi safari hii nikajikaza, nikauacha mstari mzima, kila asubuhi nachungulia tu na kurudi, nilitaka nimpelekee binti yangu, aone mama yake naye ana kitu cha kumpa. Juzi nafika, nakuta mashimo! Walikuja wafadhili, yule dada akazing'oa zote wapige nazo picha, na bado anacheka, "Si tutapanda nyingine, mama?" Jamani! Nikatupa jembe nikaondoka, na sirudi, lakini usingizi nao umekata. Nimekosea?

Mama Karoti

Mama Karoti, pole sana. Asikudanganye mtu kwamba ni karoti tu. Huyo dada alikufundisha kuamini, kisha yeye mwenyewe akawa mwizi. Ndiyo, mwizi! Kupiga picha hakumsafishi. Angekuwa mbele yangu ningemwambia hivyo hivyo.

Lakini na wewe, kususa ndiyo nini? Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Yeye analala fofofo, wewe unakodolea dari macho. Tena hukumwambia neno hata moja!

Rudi kesho. Mwambie mbele ya wenzako, si pembeni: "Uliniahidi, ukavunja." Akuombe radhi hapo hapo, na ijulikane kwamba tuta la mtu haliguswi mwenyewe hayupo, aje mfadhili, aje nani. Akinuna, anune.

Kisha okota jembe lako, upande mstari ule ule. Na binti yako usimngojeshe mpaka karoti zinenepe, mama. Mwite aje mpande pamoja. Anachokosa kwako si karoti.

Zikikomaa, ng'oeni nyinyi wawili. Wageni wakija, wakute mashimo.