Miguu ya Mama na Kiti cha Baiskeli

Akinyi mjukuu wangu,

Nyanya yako anakusalimu, na yule ng'ombe mkorofi amezaa. Unauliza mtu atajuaje kama kitu kimeundwa vizuri. Umepata mwenyewe: kiti cha abiria cha baiskeli hapa Kosele nilikibuni mimi! Haya, uongo. Alikitengeneza fundi wa kuchomelea. Mimi nilibeba watu tu, miaka ile ya tisini, nikijiona rubani.

Kiti kilikuwa na sponji, na chuma cha kukanyagia kila upande, kwa anayekaa kama mwanamume. Mama yangu, kwa sababu ya rinda lake, alikaa upande. Alijaribu mara moja tu.

"Wuoda, mwanangu, miguu nitaiweka wapi?"

"Iache ining'inie, mama. Haitapotea."

Akashuka, akafunga gunia lake kitini. "Beba viazi. Vyenyewe havina miguu."

Nilicheka mpaka sokoni. Tangu hapo viazi vilipanda na mama akaja nyuma akitembea, kila siku ya soko, hadi alipofariki. Baadaye mke wa fundi alidai chuma kingine upande wa kushoto, cha kuwekea miguu yote miwili, kirefu kama kiganja. Kikachomelewa kabla chai haijapoa. Wanawake wakaanza kupanda bila kuuliza lolote. Mama alikuwa ameniuliza, nami nikamfanyia mzaha.

Sasa wewe unajifunza kupanga mambo ya simu huko Nairobi. Hii uliyoniachia, herufi zake ni kama mayai ya chawa. Uliahidi Krismasi utazikuza. Njoo uzikuze, na usicheke nikikuuliza kidole nikiweke wapi.

Babu yako