Mti Unaozama Majini

Mwenzangu, uko? Nimejifungia karakanani na sitoki.

Yule mwenye bucha aliyeagiza visu sita amekuja kuona cha kwanza. Akakigeuzageuza, akagonga mpini kwa ukucha, akasema, "Huu ni mti wa kawaida uliopakwa rangi."

Rangi. Mpini niliousugua siku tatu mpaka vidole vikaota sugu.

Nikamwambia huo ni mti mgumu kama chuma, unazama majini kama jiwe. Akasema, "Nionyeshe."

Hasira hasara. Nikafunua tangi la maji la mama mwenye nyumba, lita elfu mbili, nikatumbukiza kisu. Chubwi. Nikamgeukia, mikono kiunoni. "Umeona?"

Akaniangalia kwa huruma. "Fundi, kisu chenyewe ni chuma. Kingezama hata kama mpini ungekuwa wa boksi."

Wa boksi, mwenzangu. Mbele ya mama mwenye nyumba, ambaye sasa anamwaga maji yote ili kisu kitolewe, na mdomo wake haujapoa.

Kumbe kipande kilichobaki cha mti uleule kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu muda wote. Nimekitia sasa hivi kwenye kikombe cha maji, ili nitoke nje na ushahidi.

Kinaelea.

Nimekizamisha kwa kidole mara tatu, kimeibuka mara tatu. Kinaelea kama bata.

Sasa wewe uliyeniletea mti huu ukaapa ni chuma kitupu, mbona umesoma yote haya na umenyamaza? Nakuona uko hewani.