Krenki ya Gari Jekundu la Mzee Massawe

Jumamosi, Julai

Halafu waseme sina bahati! Injini ya gari la mbio nimeishusha, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nimeitoa na kuirudisha, na leo imewaka kwa ufunguo wa kwanza. Arusha nzima nani mwingine? Darasa la tano langu linatosha.

Siku hizi za ruksa ya kuagiza vitu nje kila tajiri wa Njiro anaagiza gari asilolijua tumboni. Mzee Massawe alishatuambia, atakayeharibu hili lake jekundu asionekane tena gerejini. Na gereji ni yake.

Juzi mwenzangu Lomayani alivua vile vifuniko vinavyoishika krenki, akaviosha vyote kwenye beseni moja. Kila kifuniko kina mahali pake, na alama havina. Tulipofunga, krenki ikagoma kuzunguka. Lomayani akakaa chini kwenye oili.

"Kaka, nina mapacha nyumbani."

"Basi nyamaza, usije ukawaamsha."

Tukafungua, tukavibadilisha vifuniko nafasi, tukafunga, nikajaribu kuzungusha kwa mkono, tukafungua tena. Leo mchana ikateleza kama tonge kwenye mlenda. Nusura nimbusu Lomayani.

Mzee akafika injini inanguruma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imewaka mara ya kwanza, fundi?"

"Mara ya kwanza! Mimi nina bahati."

Lomayani akawa anatazama katambuga zake za tairi.

Kesho Mzee anakwenda nalo kanisani Makumira. Naogopa kidogo. Lakini krenki ile naijua sasa kuliko mke wangu.

Ila wewe daftari nikuambie kweli: bahati sina. Tumeihangaikia siku mbili, mkono umevimba, na ufunguo wa kwanza haukuwasha kitu.