Nilimwambia Mama ni Vidonda

Siranush uko wapi? Pokea simu!!

Nimeharibu. Mungu wangu, nimeharibu.

Niko hospitali na Mama. Daktari kasema ni kansa ya tumbo, apasuliwe wiki hii kabla haijasambaa. Walitaka kumletea mkalimani, nikakataa, nikasema mimi binti yake nitatafsiri. Unajua sisi Waarmenia, mgonjwa hatajiwi ugonjwa huo. Na kaka Vahan alishaniapisha nisimwambie.

Basi nikamwambia Mama ni vidonda vya tumbo.

Vidonda, Siranush! Kwa mdomo wangu huu!

Sasa kakataa kupasuliwa. "Nipasuliwe kwa vidonda? Huyu daktari ana kichaa? Nirudishe nyumbani, nimeloweka majani ya mzabibu ya kufungia dolma." Kashavaa na koti!

Daktari kaniuliza mara tatu, "Una hakika ameelewa?"

Nikamsihi Mama mpaka nikalia. Yeye ananicheka, ananifuta machozi kwa kitambaa chake.

"Talin jan, mpenzi wangu, mwambie daktari asihangaike. Ingekuwa kitu kibaya, binti yangu angeniambia."

Nimejifungia chooni. Wako nje wote wawili, wananisubiri nitafsiri.