Uso wa Mama Lempi

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimemaliza! Kompyuta ya baba mkwe sasa ina Linux. Windows yake ilikuwa inakata roho mwezi huu, na ile programu ya picha ya kulipia ilishamchosha. Nimemwekea GIMP, ya bure, kama niliyo nayo kwenye Mac yangu. Nilinakili picha zake zote kwanza, ndipo nikafuta mashine nzima. Eti mimi ndiye fundi wa ukoo! Kanifungia samaki wa moshi. Kichwa kimenivimba.

Jumapili, 5 Oktoba
Mungu wangu. Kumbe programu ile ya zamani haikuwa inaigusa picha yenyewe! Marekebisho yote iliyaweka pembeni, kwenye faili lake. Mimi nimebeba picha tu. Faili nimelifuta.
Mama Lempi, mke wa baba mkwe, alitutoka Mei. Picha yake ya mwisho alipigwa kambini, kwenye kijumba chao cha mapumziko ziwani, mrija wa oksijeni puani. Baba alishinda kiangazi kizima akiufuta mrija, kidogo kidogo, kwa mikono ile inayotetemeka. Leo nimeifungua nakala yangu kwenye Mac — mrija huo hapo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimewachunguza mawifi kijanja. Hakuna mwenye nakala. Mzee hakutaka mtu aione kabla ya sikukuu ya Shukrani Jumatatu, wote wakiwa mezani.
Mume wangu Esko anasema nimwambie tu. Mwambie wewe basi, baba ni wako!
Jioni Baba kapiga simu: hiyo GIMP imeficha wapi brashi? Nikamwambia asiguse kitu, bado naisafisha. Uongo mtupu! Akanishukuru. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeufuta mrija mwenyewe. Unachukua ngozi ya karibu, unaipaka juu. Ingekuwa ukuta, ningekwisha maliza. Lakini chini ya mrija hakuna cha kunakili, lazima ukumbuke. Na mimi sikumbuki mdomo wa mama mkwe wangu ulikuwaje! Miaka yote hii nakula mezani kwake. Nimeazima ngozi ya shavu. Aibu tupu.
Esko kasema iko sawa. Hakuitazama hata, hawezi. Kwenye sauna, kuoga mvuke na wenzangu, leo sikwenda, nimesingizia kichwa.

Jumatatu, 13 Oktoba — Shukrani
Niko chooni kwa Baba, naandika kwenye simu. Bata mzinga anapoa mezani.
Nilipofika niliiweka picha yangu kwenye kompyuta yake. Baba aliiwasha mbele ya wote, akanisifu weee. Picha ikajaa kioo. Wifi Anneli akaangua kilio: jamani, mama! Wote machozi. Nikashusha pumzi.
Baba hakulia. Alivaa miwani, akasogea, akaweka kidole juu ya mdomo ule. Kisha akanigeukia, kwa upole:
"Mwanangu, hapa palikuwa na kovu lake. Alianguka kwenye barafu akiwa msichana. Nilihangaika sana kulirudisha. Limekwenda wapi?"
Nikasema nabanwa, nikakimbilia huku.
Sasa anagonga mlango. Anasema nitoke, chakula kinapoa. Anasema nisijisumbue kulitafuta, kovu lazima amelifuta yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii mibovu. Anasema nimsamehe kwa kuniuliza mbele za watu.
Ananiomba msamaha. Mimi! Bado kasimama hapo nje —