Mdhamini Anataka Wasiojua Kusoma

Jumatatu, 3 Machi
Leo tena patupu. Bwana Kesho (jina nimempa mimi, cheo chake ni afisa wa elimu ya watu wazima) kanipokea kwa tabasamu lile lile. Hapigi muhuri wa kibali cha darasa langu la kusoma mpaka nilete mdhamini. Na shirika la misaada nililoliomba fedha limeshaniambia halidhamini darasa lisilo na kibali. Nikamuuliza, sasa nianzie wapi, angani? Akacheka! Eti nipite kesho.

Seremala naye kanikamata mlangoni. Stoo tunayosomea anaitaka. Darasa lisipokuwa rasmi mpaka mwisho wa mwezi, anarudisha mbao zake humo. Sina pengine pa kuwapeleka wanafunzi wangu.

Jumanne, 4 Machi
Bwana Kesho yuko semina. Nyoo!

Alhamisi, 6 Machi
Afadhali! Dada wa shirika kakubali kuja kuona darasa. Akiridhika, shirika linadhamini hata kabla ya kibali, muhuri unapigwa, tumemaliza. Nimewatangazia wanafunzi, vigelegele mpaka seremala kachungulia. Mama mkwe wangu, mwanafunzi mbishi kuliko wote, kauliza tumwandalie nini mgeni. Nikasema hakuna, aje awaone mlivyo tu. Kaniangalia kama nimemtukana. Mgeni aje akute watu walivyo tu?

Jumatatu, 10 Machi
Nina hasira, acha tu.

Mgeni kaja. Wanafunzi wangu wamevaa za harusini, nyuso zinang'aa mafuta. Ubaoni somo la wiki iliyopita. Akaomba mmoja asome. Mama wa cherehani kasimama, mstari wa kwanza huo, hakukwama. Mzee mlinzi, wa pili. Halafu mama mkwe — ubao mzima! Sauti ya mtangazaji wa redio, na macho wala hayako ubaoni, yako kwa mgeni!

Wamekariri. Kumbe Jumamosi na Jumapili walijifungia chumbani kwa mama mkwe, binti yangu anawasomea, wao wanaitikia. Hawakutaka niaibike mbele ya mgeni. Jamani!

Dada wa shirika kapiga makofi, kanipa hongera. Kisha: hawa wanajua kusoma, fedha zetu ni za wasiojua kabisa. Nikamkimbilia nje kumweleza. Hakuniamini. Nimembembeleza weee, mwisho kasema atarudi Ijumaa pamoja na Bwana Kesho, waje na gazeti. Mtu wa kusoma watamchagua wao wenyewe.

Mume wangu kacheka mpaka kakohoa. Mwalimu wa kwanza kunyimwa hela kwa kufaulisha! Nimemwachia chakula chake jikoni, ajipakulie.

Jumanne, 11 Machi
Nimewaomba Ijumaa wasiigize. Anayejua asome, asiyejua aseme hajui. Mama mkwe kaja juu: yeye, na mvi hizi, asimame mbele ya maafisa aseme hajui? Tangu jioni hanisemeshi. Chumvi anamtuma mjukuu aje kuiomba.

Jumatano, 12 Machi
Mama mkwe amesoma! Ujumbe wa simu, kutoka kwa dada yake. Kaniita kwa ukali, nikadhani ugomvi. Kidole kwenye kioo, silabi moja moja, jasho linamtoka: ni-ta-ku-ja Ju-ma-pi-li. Hakuna aliyemsaidia. Miaka yote hii wajukuu ndio wanamsomea, na siri zake nyumba nzima inazijua. Tumekumbatiana, tumelia wote wawili.

Halafu nikakumbuka Ijumaa. Furaha yote ikaniishia.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika nikiwa darasani. Wamekuja wote wawili. Dada wa shirika kapitisha macho benchi kwa benchi, nikawa naomba kimoyomoyo, yeyote, ila si mama mkwe. Kamchagua yeye. Kampa gazeti, kamwonyesha kichwa cha habari. Maneno matatu, mafupi. Hayo anayaweza, nimeyaona.

Simu ya Bwana Kesho ikalia. Kasema asubiriwe, lazima ashuhudie kwa macho yake. Yuko nje anabishana na mtu. Mama mkwe bado kasimama, gazeti mkononi, midomo inacheza — tayari anayasoma! Na mimi, mwalimu wake, namwomba Mungu mama ashindwe kusoma. Ee Mola nisamehe.

Kaniinamia sasa hivi, kaninong'oneza sikioni: "Mwanangu, niambie upesi. Nisome, au nisijue?"

Bwana Kesho kakata simu. Anarudi. Mama bado ananiangalia.