Mke Wangu Alihesabu Pumzi Zangu

Mshauri mpendwa, nakuandikia wewe kwa sababu wazee wenzangu kanisani siwezi kuwaambia. Nina miaka sitini na sita, mzaliwa wa Mbooni, ambako sijaishi tangu 1961 ingawa baridi yake naikumbuka hadi leo, na hapa Sultan Hamud nimeuza misumari na mabati nikiwa na mke wangu Syokau, ambaye miaka mitano iliyopita alianza kuniambia asubuhi, kwa sauti ya chini, "Baba Muli, usiku unakufa. Unakoroma, halafu unanyamaza kabisa. Nahesabu mpaka thelathini, nakusukuma, ndipo unavuta hewa," nami nikaona kwamba mke anayemwambia mumewe aliye hai kuwa anakufa anamlaani, nikampeleka mbele ya wazee, wakamsimamisha Jumapili mbele ya waumini akatubu kosa ambalo hakulifanya, na juma lile lile akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake huko Kasikeu, na miaka miwili sasa sijamfuata.

Siku hizi nasinzia nikimpimia mteja misumari, kichwa huniuma kila asubuhi, na daktari wa Nairobi anataka nilale hospitalini usiku mmoja nikiwa nimebandikwa nyaya kichwani na kifuani, lakini kwanza aliniuliza anayelala nami huona nini, nikamwambia nalala peke yangu. Je, nipimwe kwanza, ndipo nimwendee Syokau na karatasi mkononi?

Kiema, Sultan Hamud, 1996

Mzee Kiema, pole, lakini nitakusema. Karatasi ya nini? Ukiisubiri, utakuwa umeamini nyaya za usiku mmoja kuliko mtu aliyekesha kando yako miaka mitatu, naye atalijua hilo.

Kipimo ufanye. Kukoroma peke yake hakumtoshi daktari; mashine itamwonyesha pumzi inakatika mara ngapi kwa saa, kwa muda gani, na damu inapungukiwa hewa kiasi gani, na matibabu yatafuata hapo. Usimeze dawa ya usingizi, wala usiendeshe gari ukisinzia hivyo.

Lakini Jumamosi hii nenda Kasikeu, peke yako, bila mzee wa kanisa wa kukusemea. Mwambie ulikosea. Ukimaliza, mwombe akueleze tena alichokuwa akikiona, usimkatize, uandike, umpelekee daktari. Jumapili, awe amerudi au hajarudi, waambie waumini wale wale kwamba Syokau hakumlaani mtu.

Akikataa kukuona, usimlazimishe. Nenda hospitalini hivyo hivyo, na usiahirishe hata juma moja. Miaka miwili sasa, pumzi yako ikikatika, hakuna anayekusukuma.